Mgao wa Kifo cha Lugano

Siku ya saba baada ya Lugano kuzikwa, hatia ya kifo chake ilitokea ukutani ikiwa imeshakatwa mafungu matatu. Nahodha Ambilike Mwakatobe, arobaini na nne. Tumpe Mwaisaka, mpokeaji wa wazamiaji, thelathini na moja. Marehemu mwenyewe, ishirini na tano. Jumla mia moja. Huwa ni mia siku zote, afe nani na afe vipi. Walioitunga sheria hiyo hawakutaka kubakiza hata moja la kumwachia Mungu.

Ukumbi wa kata ya Matema ulikuwa umejaa tangu saa mbili asubuhi. Tumpe alisimama nyuma, karibu na mlango, amejitanda kanga ya msibani ambayo hakujua kama bado ana haki ya kuivaa. Fungu lake alilisoma mara moja. La mzee alilisoma mara tatu, na mara zote lilikuwa lilelile.

"Umepona, dada," jirani yake alimnong'oneza huku akimbana mkono. "Mwenye fungu kubwa ndiye anayekaushwa. Wewe umepona."

Tumpe alitaka kumwambia afunge mdomo. Badala yake aliitikia "ndaga", asante, kama mtu aliyepewa zawadi, na papo hapo akajichukia.

Mbele kabisa alikaa Gwamaka, aliyekuwa akikodisha skuta za majini. Alikaushwa mwaka juzi, baada ya skuta yake kumpitia mwogeleaji ndani ya maboya. Aliyapa mgongo madirisha yanayotazama ziwa. Kila mkewe alipotaka kumnywesha alimfunika macho kwa kiganja, akamtia mrija mdomoni, naye Gwamaka akanywa huku magoti yakimgongana. Kuoga kwake ni kitambaa chenye unyevu. Mvua ikianza anaingizwa chumba cha ndani, redio inafunguliwa mpaka mwisho. Na huyu alikuwa akipiga mbizi kutoka kwenye majabali ya Ikombe watu wakipiga vigelegele! Hakuna aliyemfunga jela wala kumchapa kiboko. Walimpandikiza punje moja nyuma ya sikio, ndogo kuliko punje ya mchele, ikaufundisha mwili wake kwamba maji ni kifo. Mwili ukalishika somo.

Afisa Mgao, Bwana Rwechungura, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya upole iliyozidi, alisimama chini ya zile tarakimu.

"Ndugu zangu, mashine imesikiliza nguo ya kuzamia ya marehemu, imesikiliza injini ya boti, imesoma maelezo ya kila aliyekuwemo," alisema. "Fungu la nahodha halikufika hamsini. Kwa hiyo atapandikizwa punje inayoyeyuka. Miaka mitano, kisha atarudi majini kama zamani. Lingefika hamsini tungezungumza mengine, maana ile nyingine haiyeyuki. Kuna siku tatu za nyongeza. Mwenye neno alilete. Zikipita, mgao unafungwa."

Mzee Ambilike aliitwa mbele. Miaka sitini na mmoja, shati limepigwa pasi, viatu vya Jumapili. Aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa, akamshukuru afisa, akavaa kofia yake na kutoka nje bila kumtazama mtu.

*

Boti yao, Mbasa, ilikuwa imepandishwa mchangani na kuzungushiwa utepe mwekundu wa serikali. Tumpe alimkuta mzee amekaa kando yake juu ya kreti, anazikunja kamba ambazo hakuna mtu aliyemtuma azikunje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ukaguzi wa mitungi ni mwezi ujao, usije ukasahau. Na ile pampu ya hewa ina kiburi. Ikikugomea, ipige teke hapa, siyo huku."

"Baba, nimekuja tuzungumze."

"Si ndiyo tunazungumza?"

Alikuwa ndiye aliyemfundisha Tumpe kuogelea, na Tumpe alikuwa mtu mzima tayari, mjane wa miaka ishirini na mitatu aliyekuja kuomba kazi ya kufua nguo za wazamiaji. Mzee alimwambia hawezi kumwajiri botini mtu anayeogopa maji. Akamwingiza ziwani na gauni lake, akamshika mgongo kwa kiganja kimoja, akakiondoa bila kumwambia. Tumpe alielea. Tangu siku hiyo alimwita baba, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa alisimama mbele yake na neno kooni, na neno lenyewe lilikuwa kikombe.

Kwenye Mbasa watu hawakuhesabiwa. Sheria ya Burudani za Majini, kifungu cha kumi na tisa, inamtaka nahodha awahesabu wazamiaji mmoja mmoja, kwa kidole na kwa sauti, kabla ya kuwasha injini. Kifungu hicho kililetwa na mwaka ule ambao vihesabio vya boti vilitangaza "wote wamo" huku watu thelathini na wawili wakiwa bado majini. Baada ya hapo serikali ikasema mashine zisihesabu tena watu, watu wahesabiane. Mashine ikapewa kazi ya kugawa hatia tu. Mtu akicheka hapo asilaumiwe.

Lakini Ambilike alikuwa na sababu zake. Safari yake ya kwanza kama nahodha, akiwa bado mtu anayependa kusikika, alisimama juu ya benchi akawanyoshea watu kidole akahesabu hadi kumi na moja. Walirudi kumi. Hakulisimulia jambo hilo zaidi ya mara moja maishani mwake, na hakumnyoshea tena mtu kidole. Alipigilia misumari kwenye ubao nyuma ya usukani, akatundika vikombe vya bati. Kila mzamiaji anayeingia majini, kikombe kimoja msumarini. Kila anayepanda, Tumpe anamtilia tangawizi ya moto katika kikombe kimoja na kumkabidhi mkononi. Mzee akiwa usukanini huuliza, "Misumari?" Tumpe hutazama ubao na kujibu, "Mitupu, mzee." Hapo ndipo injini huwashwa. Boti nyingine za Matema ziliiga. Ilikuwa njia nzuri. Kwa miaka ishirini na mitatu haikumwacha mtu.

Siku hiyo walikwenda chini ya milima ya Livingstone, kwenye ukuta wa mawe wanakokaa wale samaki wadogo wa rangi ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama. Upepo ulikuwa umeanza kuinuka. Mgeni mmoja, bwana mnene kutoka Mbeya, alipanda akitetemeka hadi meno yanagongana, na kikombe alichopewa kikamponyoka kikatumbukia ziwani. Tumpe alimhurumia. Kulikuwa na kikombe kimoja tu kilichobaki msumarini, chenye joto la jiko lililokuwa karibu. Akakichukua, akakijaza, akamshikisha kwa mikono miwili, akamwambia pole. Kisha akageuka kumsaidia mtu kuvua mapezi.

"Misumari?"

Alitazama. "Mitupu, mzee."

Jicho la boti, linalopaswa kurekodi kila kitu, lilikuwa limefunikwa na taulo zito la mgeni aliyeona ni mahali pazuri pa kuanikia. Injini iliwashwa saa nne na dakika nane. Nguo ya Lugano ilisema mwenyewe aliibuka saa nne na dakika kumi na mbili, mita arobaini kutoka mahali boti ilipokuwa imesimama. Alikuwa ameachana na mwenzake kufuata samaki. Jaketi lake la kuelea lilikuwa linavuja polepole, na hakulikagua kabla ya kuzama. Kwa hayo alipewa ishirini na tano zake. Alipiga filimbi mara sitini na moja. Nguo ilizihesabu zote. Mawimbi yalimrudisha kwenye mawe, na saa sita na nusu nguo haikuwa na moyo wa kuusikiliza tena. Alikuwa anasomea uuguzi, mwaka wa pili.

"Mzee," Tumpe alisema, "kile kikombe..."

"Nyamaza."

"Mimi ndiye niliye..."

"Tumpe." Aliiweka kamba chini. "Mimi nimetoa maelezo yangu, wewe umetoa yako. Kila mtu peke yake, kama sheria inavyotaka. Ukiongeza neno sasa utaharibu."

"Nitaharibu nini? Mimi nataka kukukomboa!"

"Miaka mitano si mingi. Nitakaa kwa dada yangu Tukuyu, nile viazi, ninenepe. Nikirudi nitakuwa na sitini na sita tu." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtuliza mgonjwa. "Nimekuomba. Niheshimu katika hili."

Tumpe alirudi nyumbani akalia hadi kichwa kikamuuma. Alielewa, au aliona ameelewa. Mzee alikuwa anambebea mzigo. Yeye Tumpe hakuulizwa kuhusu kikombe. Mashine ilimuuliza kama alimwarifu nahodha kwamba wote wamo, akajibu ndiyo, ikaridhika. Angeweza kuendelea kunyamaza. Angeiendesha Mbasa kwa miaka mitano, na kila akienda Tukuyu angemkuta yule mtu aliyemwelesha majini akinyweshwa kwa mrija, macho yamefunikwa. Na angekunywa chai naye. Angeulizwa habari za ziwa na angejibu nzuri.

Kesho yake alijaza beseni maji, akaliweka sakafuni, akapiga magoti. Aliingiza mkono. Alijaribu kuogopa. Alijaribu kufikiri maji yale yanampanda kifuani na kumziba pumzi, na kwamba itakuwa hivyo kila siku, kila akisikia mtu anafua. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalimtii tu. Alikaa pale hadi vidole vikakunjamana. Halafu akafuta mkono, na uamuzi ukawa umeshafanyika bila yeye kuona ulipopita. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Basi na akaushwe.

*

Siku ya tatu ukumbi ulikuwa na watu wachache. Mama yake Lugano, Bi Sekela, alikaa benchi la kwanza, mikono mapajani, kama aliyewahi kliniki. Mzee Ambilike aliletwa na mgambo akakalishwa kando. Alipomwona Tumpe anaelekea kwenye kiti cha nyongeza, uso wake ulibadilika.

"Sema taratibu," Bwana Rwechungura alimwambia Tumpe. "Mashine haina haraka."

Akasema. Alieleza juu ya bwana wa Mbeya, kikombe kilichoanguka, kikombe kilichobaki, msumari mtupu. Alisema kila kitu bila kujitetea, na alipokuwa anasema tarakimu ukutani zikaanza kutembea. Fungu lake likapanda: thelathini na sita. Arobaini na mbili. Hamsini na mbili. La mzee liliteremka hadi ishirini na saba, la marehemu hadi ishirini na moja. Tumpe aliyatazama yale mafungu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kifua chake kikafunguka. Ilikuwa furaha, hakuna jina jingine la kuiita, na ilimtia aibu kwamba anafurahi mbele ya Bi Sekela.

Bwana Rwechungura aliinama kwenye kioo chake. "Mashine inauliza. Hivyo vikombe vilitumika siku hiyo peke yake?"

"Hapana, bwana afisa. Ni utaratibu wetu."

"Tumpe!" Mzee alisimama. Mgambo akamwekea mkono begani akamkalisha.

Tumpe hakugeuka. Alijua anachotaka mzee, alitaka kumzuia asijitoe, na hilo lilimfanya aharakishe kabla moyo haujalegea. "Tangu nianze kazi, miaka kumi na mmoja. Na kabla yangu. Mzee ndiye aliyetufundisha. Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole, si jambo jema. Tunatazama misumari. Nataka mashine ielewe kwamba utaratibu wenyewe haukuwa na kosa. Ni mimi niliyeuvuruga."

"Kwa hiyo," afisa aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa chini kabisa, "siku hiyo nahodha hakuhesabu watu?"

"Hajawahi kuhesabu."

Alilisema kwa fahari. Hicho ndicho kitu ambacho baadaye hakuweza kujisamehe. Alilisema kama mtu anayemsifu baba yake mbele ya wageni.

Bwana Rwechungura alivua miwani. Akasoma kwenye kioo bila kuivaa, maana maneno yenyewe alikuwa anayajua. "Maelezo ya nahodha yanasema hivi: 'Niliwahesabu kwa kidole na kwa sauti, nikakosea hesabu. Mpokeaji wangu alitegemea hesabu yangu.'"

Tarakimu zilianza kukimbia. Tumpe aliona fungu lake linaporomoka, arobaini, thelathini, ishirini, kama mtu anayeporwa mkononi mchana kweupe, na la mzee likipanda juu yake bila kupumzika. Zilipotulia zilisomeka hivi: nahodha, sitini na nane. Marehemu, kumi na saba. Mpokeaji, kumi na tano.

"Sielewi," Tumpe alisema. "Imekosea. Nimeiambia ni mimi."

"Haijakosea, dada." Afisa aliongea kama anayemwomba radhi. "Kukosea hesabu ni bahati mbaya, ina kiwango chake. Kutohesabu kabisa, safari zote, miaka ishirini na mitatu, na kuwafundisha wengine wasihesabu, hiyo ni nyingine. Na kuidanganya mashine ni nyingine tena. Wewe ulifanya ulivyofundishwa na umesema kweli. Anayesema kweli hupunguziwa."

"Sitaki kupunguziwa! Nafuta. Nimetunga yote, hakukuwa na vikombe."

"Hapa panafutwa uongo tu. Ningeweza, ningekufutia."

Sitini na nane. Haiyeyuki. Tumpe alimgeukia mzee. Ambilike alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama kofia yake magotini, anaizungusha ukingo taratibu. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

Ndipo Bi Sekela alipozungumza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kuisikia sauti yake tangu mazishi.

"Kwa hiyo mwanangu anapiga filimbi," alisema, "nanyi mnakunywa tangawizi?"

Angemuuliza jambo lolote jingine. Angemtukana. Tumpe alimgeukia.

"Ndiyo, mama."

Bi Sekela alitikisa kichwa kukubali, kama aliyeulizia njia na kuelekezwa. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda zake. Hakungoja kusikia nani atakaushwa.

*

Sheria inamruhusu mkaushwaji kuwa na mtu wake mmoja chumbani. Mke wa Ambilike alikuwa ametangulia mbele ya haki, na watoto walikuwa mbali. Alipoulizwa alimtaja Tumpe, na Tumpe alipoletewa ujumbe alikaa chini palepale uani.

Chumba kilikuwa nyuma ya zahanati, cheupe, kikavu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Kiti kimoja chenye mikanda. Mezani beseni limefunikwa kitambaa. Ilikuwa saa tatu asubuhi na kuku walisikika nje. Waliwaacha wawili hao dakika chache.

"Kwa nini hukuniambia?" Tumpe aliuliza. "Ungenionya kwamba umesema ulihesabu, nisingefungua mdomo."

"Ningekuonya vipi? Nikuambie mzee mzima nimedanganya serikali, na wewe unisaidie?" Alikuwa amefungwa mikanda tayari, lakini alikaa kama mtu aliyekalia kiti cha kwake. "Na kuna jambo jingine. Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Kwenye kioo cha usukani. Nilikuona unampa yule bwana kikombe cha mwisho. Nikasema moyoni, Tumpe atakumbuka. Nikageuka kutazama upepo. Nilipokuuliza misumari, nilikuwa nimeshasahau. Kwa hiyo usijidai una dhambi peke yako. Mashine imepatia. Ilipita njia nyingine, lakini imefika."

Tumpe alilia. Mzee alimwacha alie, maana mikono yake haikuweza kumfikia.

Bwana Rwechungura aliingia na mtaalamu wa zahanati. Wote wawili walikuwa wamevaa vitambaa vyeupe vilivyofunika uso mzima, vyenye wavu mwembamba mbele ya macho. Hawakuonekana pua wala mdomo. Afisa alimpa Tumpe kitambaa cha namna hiyo.

"Vaa, dada. Ni lazima."

"Cha nini?"

"Punje ikishaanza, kwa dakika tano za kwanza inakusanya. Inachukua maji, na chochote kilicho mbele ya macho maji yanapomgusa. Inavifunga pamoja. Mwanzoni hatukujua hilo. Kuna mtu kule Mwanza hadi leo anakimbia daktari wake."

Tumpe alikivaa. Kilinuka sabuni. Kupitia wavu alimwona mzee anawatazama mmoja baada ya mwingine, watu watatu wasio na nyuso, na aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni pale, siku za upepo wala siku walipompata Lugano. Mzee aliogopa.

"Yupi ni Tumpe?" aliuliza.

"Mimi hapa, baba."

"Vua hicho."

"Mzee, haiwezekani," alisema afisa. "Ukiiona sura yake utaiogopa maisha yako yote. Kama maji. Hakuna atakayeweza kuitoa."

"Nitamwogopa nani? Huyu?" Ambilike alicheka, na kicheko kilitetemeka mwishoni. "Huyu nimemwelesha kwa mkono wangu. Mashine zenu zinajua mengi, hilo haziwezi. Bwana afisa, nimekubali yote. Nimeweka dole gumba. Sijabishana na mtu. Ninachoomba ni sura moja tu ya mtu ninayemjua. Vua, mwanangu. Usiniache na hawa."

Sheria haikukataza. Ilishauri tu, na Bwana Rwechungura, ambaye alikuwa ameshakausha watu kumi na wanane na hakuwa analala vizuri, aliinua mikono akaishusha.

Tumpe alisimama na vidole kwenye ukingo wa kitambaa. Alijua mzee amekosea. Aliyajua magoti ya Gwamaka. Akimnyima, mzee atalia mikononi mwa watu wasio na sura, lakini kesho Tumpe ataweza kwenda Tukuyu, akae naye, amfunike macho kwa kiganja, amnyweshe. Akimpa, atampa dakika tano. Kumpenda kulikuwa kumnyima. Hilo lilikuwa wazi kabisa, hata mtu mpumbavu angeliona.

Lakini kulikuwa na lile fungu la kumi na tano. Alilibeba tangu ukumbini kama kitu cha wizi. Alikuwa amekwenda kuomba adhabu wakamrudisha nyumbani mzima, anaoga, anakunywa, anapita ufukweni miguu ndani ya maji, na watu wanamwambia umepona. Hapa palikuwa na kipande kimoja cha adhabu ambacho mashine haikukikata, na kilikuwa kinatolewa kwake na mwenyewe. Alikitaka. Alikitaka kuliko alivyotaka kumwonea mzee huruma, na alilijua hilo wakati huohuo, na hata hivyo mkono wake ukavuta.

Mzee alipomwona aliachia pumzi. "Ndaga, mwanangu," alisema. "Sasa sawa. Sasa na walete."

Mtaalamu aliweka punje. Haikuchukua muda, mlio mdogo tu nyuma ya sikio. Ambilike hakuyaondoa macho usoni mwa Tumpe, na Tumpe alijitahidi kutabasamu. Kitambaa kiliondolewa kwenye beseni. Mtaalamu alichota maji kwa kikombe cha plastiki akammiminia mzee mkononi, polepole, kama sheria inavyoagiza, mara tatu.

Mara ya kwanza alikunja uso. Mara ya pili alianza kupigana na mikanda. Ya tatu ilipomgusa alitoa sauti ambayo Tumpe hakujua kwamba mtu mzima anayo, na kiti kikasogea sakafuni kwa miguu yake yote minne.

Walifanya haraka. Beseni lilitolewa nje, mkono ukafutwa, sakafu ikafutwa mara mbili kwa tambara kavu hadi hapakuwa na tone. Bwana Rwechungura alimfungua mikanda. Mzee alijikunyata kitini, mkono kifuani, akihema, na polepole kuhema kukapungua. Aliutazama mlango. Akamtazama mtaalamu, akamtazama afisa, kile kitambaa cheupe kisicho na kitu, na hakikumfanya lolote. Tumpe aliona anatulia, akapiga hatua moja mbele.

"Baba. Imekwisha. Ni mimi."

Ambilike aligeuza kichwa.

Aliruka kutoka kitini. Kiti kilianguka. Alirudi nyuma akitambaa kwa visigino na viwiko hadi mgongo ukagota ukutani, na hata hapo miguu iliendelea kusukuma. Kinywa kilikuwa wazi na hewa haikuingia. Alijua ni yeye. Hilo ndilo lililokuwa baya kupita yote. Machoni mwake alionekana anamjua, anajaribu kuinua mkono kumwita, na mkono unakataa, unafunika uso.

"Baba, usiogope," Tumpe alisema, na sauti yake ilizidisha mambo. Midomo ya mzee ilianza kuwa ya kijivu.

"Toka, dada," Bwana Rwechungura alisema nyuma ya kitambaa chake. Alikuwa analia. "Toka upesi. Mwache apate pumzi."

Tumpe alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mikono ameificha mgongoni asimwonyeshe kitu chochote zaidi. Alitoka, akaufunga mlango, akasimama nje akiwa ameweka sikio kwenye ubao. Kwa muda hakusikia kitu. Halafu mle ndani mzee akaanza kupumua.